Kutoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nukta rejea, mwendo na vipimo

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa sekondari, madereva wa masafa, vijana wa bodaboda na watu wanaonunua viwanja, wengi wao wa Kampala, Jinja na njia ya kwenda Malaba. Nimeyaacha yalivyoulizwa, hata pale ambapo kitabu cha fizikia kingeyapanga vingine. Ukiwa na haraka ya kiwanja, nenda moja kwa moja kwenye swali la mwisho.

Nukta rejea ni kitu gani?

Ni mahali, alama au hali ambayo watu wamekubaliana kuhesabu kuanzia hapo. Jiwe la mpaka ni nukta rejea, na vivyo hivyo sifuri ya rula, usawa wa bahari, kuchomoza kwa jua na barafu inayoyeyuka. Haidaiwi iwe haisogei kabisa, maana kitu cha namna hiyo hakipo popote. Inadaiwa isisogee ukiilinganisha na kile unachokipima, na wewe na mwenzako muwe mnaitaja hiyo hiyo. Ugomvi wa vipimo, kwa ninavyoufahamu, ni nadra kuletwa na mtu aliyekosea hesabu. Huletwa na watu wawili walioanza kuhesabu sehemu mbili tofauti.

Je, kitu kinaweza kusemwa kinatembea bila kutaja kitu kingine?

Hakiwezi. Chukua meli ya MV Kalangala inayotoka Nakiwogo, Entebbe, kwenda Lutoboka kwenye visiwa vya Ssese. Tuseme inakwenda kilomita 15 kwa saa. Abiria anainuka kwenye kiti chake kufuata soda upande wa nyuma, anatembea kilomita 4 kwa saa. Kwa aliyebaki kitini, jamaa anakwenda 4 kuelekea nyuma. Kwa mvuvi aliyetia nanga pembeni, jamaa huyo huyo anakwenda 11 kuelekea Ssese, tena kinyumenyume. Wanafunzi huuliza jibu sahihi ni lipi kati ya hayo mawili. Yote ni sahihi, na lolote kati yake likiandikwa bila kusema "kwa kulinganisha na nini" halijakamilika.

Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1632: ukifungiwa ndani ya chumba cha meli inayokwenda kwa mwendo usiobadilika, juu ya maji tulivu, hakuna jaribio utakalofanya humo ndani likakuambia kama meli imesimama au inakwenda. Utakachohisi ni mwendo unapobadilika, nahodha anapopunguza kasi au anapokata kona.

Mimi ni dereva. Hesabu hizi zinanisaidia nini barabarani?

Zinaweza kukuokoa kwenye msitu wa Mabira, pale unapotaka kulipita trela. Spidi ya gari lako husomwa kwa kulinganisha na lami. Lakini kulipita trela hufanyika kwa kulinganisha na trela, na hapo ndipo macho hudanganya.

Trela linakwenda 70, wewe 80. Kwa kulinganisha na trela unakwenda 10 tu, yaani chini ya mita 3 kwa sekunde. Ili utoke nyuma yake, umalize urefu wake na urudi mbele kwa nafasi salama, unahitaji kama mita 60 za kulipita. Hizo zinakula karibu sekunde 22. Sasa rudi kwenye lami: kwa 80, katika sekunde hizo 22 umekwisha kula mita 480 za barabara. Gari linalokuja mbele yako, nalo likiwa kwenye 80, limekula mita 480 za kwake. Kwa hiyo unahitaji karibu kilomita nzima ya barabara tupu mbele yako, na Mabira haina sehemu nyingi ambazo jicho linafika kilomita. Dereva anayesema "nilikuwa na spidi ya kutosha" anakuwa ametaja spidi ya lami pahali palipotakiwa ile ya kulinganisha na trela.

Nimekaa Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, sijasogea. Natembea au sitembei?

Kwa kulinganisha na barabara ya Masaka, umetulia. Kwa kulinganisha na mhimili wa dunia, unakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki: mzingo wa dunia hapo ni kilomita 40,075 na unauzunguka mara moja kwa siku. Kwa kulinganisha na jua, unakwenda takriban kilomita 107,000 kwa saa. Huhisi lolote kwa sababu ile ile ya chumba cha meli.

Hata hiyo "siku" inategemea unaitazama kutoka wapi. Ukihesabu kwa jua, dunia inarudi pale pale baada ya saa 24. Ukihesabu kwa nyota za mbali, inarudi baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4.

Na yale maji ya karai pale ikweta, yanayozunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili?

Ni onyesho zuri, lifurahie, lakini usiliandike kwenye mtihani. Msokoto unaoletwa na kuzunguka kwa dunia upo kweli, na ndio unaozungusha vimbunga vikubwa vya baharini. Lakini kwenye ikweta msokoto huo ni sifuri, na hatua chache kusini au kaskazini hauwezi kushinda jinsi karai lilivyobebwa na maji yalivyomiminwa. Vimbunga vyenyewe havizaliwi karibu na ikweta kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu uzito, wapo wanaosema ukiwa kwenye mstari unapungua asilimia 3. Muulize msemaji: kwa kulinganisha na wapi? Mvuto ni kama 9.78 kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha za dunia, tofauti ya nusu asilimia. Mtu wa kilo 70 aliyepimwa kwa mizani ya springi iliyorekebishwa ncha ya kaskazini angeonekana amepungua gramu 370 hivi. Kutoka Kampala hadi Kayabwe hakuna mizani ya dukani itakayoona tofauti.

Nimesimama kwenye mstari, simu inakataa kuonyesha sifuri tupu. Nani mwongo?

Huenda hakuna mwongo. Kwanza, simu yenyewe mahali pa wazi hukosea mita kadhaa. Pili, na hili ndilo kubwa, namba za latitudo hazitoki ardhini. Zinatoka kwenye umbo la kihesabu ambalo wapimaji wamelichagua kuwakilisha dunia, na mahali walipolifunga umbo hilo.

Ramani nyingi za zamani za Uganda, pamoja na za Kenya na Tanzania, zilichorwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Chimbuko lake liko mbali: Buffelsfontein, Afrika Kusini. Kutoka huko wapimaji walipanda na mnyororo wa pembetatu kwenda kaskazini, wakifuata longitudo ya 30, kilima hadi kilima, na sehemu ya Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909. Simu yako haijui habari za Buffelsfontein. Inatumia WGS84, mfumo wa setilaiti, ambao kitovu chake ni kitovu cha uzito wa dunia. Mifumo hii miwili ikilinganishwa kwetu hapa, latitudo zinatofautiana kwa kama mita 300 kaskazini na kusini. Ikweta ya ramani ya zamani na ikweta ya setilaiti ni mistari miwili, na katikati yake unaweza kuingiza viwanja vya mpira viwili, kimoja nyuma ya kingine, na nafasi ikabaki.

Isitoshe, bara lenyewe linasogea. Bamba la Afrika huelekea kaskazini mashariki kwa kama sentimita 2.5 kila mwaka, na vituo vya kudumu vya setilaiti kama kile cha Mbarara hurekodi mwendo huo. Kwa mtu anayepiga picha kwenye mstari, si kitu. Kwa mpimaji anayelinganisha vipimo vya miaka 40, ni mita nzima.

Redio ilisema Ziwa Victoria limefika mita 13.32. Mbona ziwa ni refu kwenda chini kuliko hapo?

Swali hili lilinijia sana mwaka 2020, maji yalipoingia kwenye nyumba za Ggaba na Port Bell. Ile 13.32 haikuwa kina cha ziwa. Kina chake kikubwa kinafika mita 80 hivi. Ilikuwa namba iliyosomwa kwenye rula iliyosimamishwa majini Jinja, kwenye ziwa ambalo limekuwa likipimwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Sifuri ya rula hiyo iko takriban mita 1,123 juu ya usawa wa bahari. Maji hayajawahi kushuka hadi sifuri hiyo tangu vipimo vianze. Kwa kuwa iko chini hivyo, mtu halazimiki kuandika namba hasi.

Kilichotisha ni mabadiliko. Oktoba 2019 rula ilisoma mita 12.00. Mwisho wa Aprili 2020 ikasoma 13.32. Yaani mita 1.32 kwa nusu mwaka, kwenye ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000. Ikabaki kidogo tu kuifikia rekodi ya Mei 1964, mita 13.41. Uzuri wa alama isiyohamishwa ndio huo. Wazee wa Jinja waliosema "tuliyaona haya sisi" walikuwa na rula ya kuwatetea.

Sheria nayo inahitaji mahali pa kuanzia. Ukanda wa hifadhi wa mita 200 kando ya ziwa huhesabiwa kutoka alama ya maji yanapopungua, si kutoka pale mawimbi yanapokulowesha miguu leo. Mwenye baa aliyepima mita zake wakati maji yamejaa alipima kutoka mahali pasipotambuliwa na sheria.

Kwa nini kipimajoto cha shule Kampala hakifiki 100 maji yakichemka?

Kwa sababu kile kipimajoto kinasema kweli. Mizani ya Selsiasi ilijengwa juu ya hali mbili: barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka, katikati zikagawanywa sehemu 100. (Celsius mwenyewe, mwaka 1742, aliiweka kichwa chini: 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda. Ikageuzwa baadaye.) Lakini maji huchemka kwenye 100 pale tu hewa inapokandamiza kama inavyokandamiza kwenye usawa wa bahari. Kampala iko mita 1,190 hivi juu yake, hewa ni nyepesi, na maji huchemka karibu na 96. Kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, yangechemka kwenye 83 hivi, na maharage yako yangekusubirisha siku kutwa.

Mwanafunzi anayechora alama ya "100" pale zebaki inaposimama kwenye sufuria ya Kampala anatengeneza kipimajoto chenye kasoro tangu kuzaliwa. Aipe alama hiyo 96, kisha agawanye.

Wasafiri wavumbuzi wa zamani waliigeuza kasoro hii kuwa kifaa. Mwingereza Speke alipolifikia Ziwa Victoria upande wa Mwanza mwaka 1858 alichemsha maji, akasoma joto, akapata kimo cha ziwa juu ya bahari ambayo alikuwa ameiacha nyuma kwa miezi mingi ya kutembea.

Saa zetu zinaanzia asubuhi, za simu zinaanzia usiku wa manane. Ipi ni bora?

Kila moja ina kazi yake. Hesabu yetu, ambayo Waganda pia wanayo, huanzia pale mchana unapoanza, na kwenye ikweta ni busara: jua la Kampala huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kamili mwaka mzima. Ulaya, ambako jua la Desemba na la Juni hupishana kwa masaa, hesabu hiyo isingefaa.

Ila saa zetu rasmi nazo zimeazimwa. Afrika Mashariki hutumia saa ya longitudo 45, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Kampala iko kwenye 32.6. Ndiyo maana jua hufika katikati ya anga letu mnamo saa saba kasoro dakika kumi, na saa sita kamili kivuli bado kimelala upande mmoja. Mwalimu anayewatoa watoto uwanjani saa sita "waone kivuli kifupi kabisa" awasubirishe kidogo.

Umbali na mahali nilipofika ni kitu kimoja?

Hapana. Bodaboda akitoka Wandegeya asubuhi, akazunguka mji kutwa na kurudi steji ile ile, mita ya pikipiki inasoma kilomita nyingi, na umbali wake kutoka alipoanzia ni sifuri. Mafuta yanahesabiwa kwa ile ya kwanza. Mke akipiga simu kuuliza uko wapi, anataka ile ya pili.

Reli ya Uganda ilihesabiwa kutoka Mombasa, ilikoanza kujengwa mwaka 1896. Nairobi ilizaliwa ikiwa maili ya 327. Reli ilifika ziwani, Kisumu, mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931, na maili zikawa zinaongezeka tu kutoka sifuri ile ile ya pwani.

Mteja akiniambia "kushoto kwa Shoprite" nampotea. Afanyeje?

Kijana wa steji ya Nakawa ndiye aliyeuliza, na ana haki. Kuna shida mbili hapo. "Kushoto" haina maana mpaka useme umeelekea wapi: "ukitoka mjini kwenda Nakawa, mkono wa kushoto" inaeleweka, "kushoto kwa Lugogo" haieleweki. Shida ya pili, Shoprite ilifunga maduka yake Uganda mwaka 2021 na Carrefour ikaingia. Jina limebaki midomoni. Kwa watu wawili wa Kampala hakuna tatizo, alama iliyokufa bado inafanya kazi maadamu wote wanaikumbuka. Mgeni aliyeshuka kwenye basi la Arua jana haikumbuki. Huyo mtajie kitu anachoweza kukisoma kwenye bango.

Mizani ya sokoni nitaiaminije?

Tazama sindano kabla hakijawekwa kitu. Kama imeanza kwenye gramu 200, ukinunua kilo moja unapata gramu 800, na muuzaji hajagusa chochote mbele yako. Kisha tafuta muhuri wa UNBS, shirika la viwango, linalokagua mizani za biashara. Kwa wanaopeleka kahawa, pimeni pia gunia tupu.

Migingo ni ya nani?

Swali la siasa nitawaachia wenyewe. La kipimo lina jibu. Mpaka wa Kenya na Uganda katika Ziwa Victoria haukuandikwa kwa kutaja kisiwa cha Migingo. Unakwenda kwa mistari kutoka ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid hadi ncha ya magharibi ya Ilemba, na kuendelea hivyo kaskazini. Kwa hiyo hata mtu akiishi Migingo miaka 50, jibu liko Pyramid na Ilemba. Upimaji wa mwaka 2009 ulikuta Migingo iko mashariki ya mstari, upande wa Kenya, kwa mita 510. Neno langu la pembeni: ncha ya kisiwa ni alama dhaifu kwenye ziwa linaloweza kupanda zaidi ya mita moja kwa miezi sita.

Nanunua kiwanja. Mwenye nacho anasema mpaka ni mti ule. Nifanye nini?

Mti unaweza kuwa ushahidi mzuri. Buganda watu walipanda oluwaanyi mipakani tangu zamani, na mstari wa mimea hiyo iliyozeeka, ambayo jirani wa pande zote mbili anaitambua, ni wa kuheshimiwa. Lakini mche hung'olewa usiku na kuhamishiwa hatua mbili.

Anza na hatimiliki na ramani yake. Ramani hiyo inataja pembe za kiwanja kwa namba zilizofungwa kwenye alama za serikali, sio kwenye mti wala kwenye ukuta wa jirani. Mtafute mpimaji aliyesajiliwa afungue mipaka, majirani wote wakiwepo pamoja na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Atatoka kwenye alama za serikali, atafika pembe ya kwanza, na wasaidizi wake watachimba. Mara nyingi jiwe la mpaka liko pale pale, chini ya takataka na udongo wa miaka, chuma chake kikiwa kimeota kutu. Mwulize namba zake ziko kwenye mfumo gani. Namba za Arc 1960 zikiingizwa kwenye kifaa cha WGS84 bila kubadilishwa, utaoneshwa kiwanja cha mtu mwingine kabisa.

Simu yako usiitumie kwa kazi hii. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina upana wa mita 15 na kidogo, na simu ikikosea mita 5 imekula theluthi. Kiwanja hicho pia ni desimali 11.5 tu (desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari). Muuzaji akikutajia 12 na nusu, mwombe akuonyeshe futi zake kwa utepe, kuanzia jiwe hadi jiwe.

Jiwe likikutwa limeng'olewa, usilirudishe mwenyewe hata kama shimo lake bado linaonekana. Mwache mpimaji alirudishe, mbele ya mashahidi wale wale, na aandike tarehe.